Silinda ya Chini

Anza na plagi, baba alikuwa akisema,
usianze na lawama.

Nikaanza na plagi.
Ya juu kavu, rangi ya biskuti.
Ya chini imelowa petroli, nyeusi tititi.
Basi mafuta yanafika; kilichokosekana ni moto.
Nikaibana injini kwenye ubao nyuma ya sauna,
nikailaza plagi juu ya chuma, waya wake kichwani,
nikavuta kamba,
mara moja, mara sita, mara kumi na moja,
hadi bega likaniuliza umri wangu.
Ya juu ikatema cheche, nyembamba, ya njano.
Ya chini kimya.

Injini ya mwaka hamsini na sita, nguvu za farasi kumi,
kijani chake kimebabuka pale kiganja cha baba kilipozoea kukaa.
Alipokufa tuligawana:
kaka yangu Oiva mashua, mimi injini.
Wakili wa Kuopio aliandika hivyo, akagonga mhuri,
hakuuliza mashua bila injini itafika wapi
wala injini bila mashua itasukuma nini.
Miaka minne. Oiva hupita na makasia
katikati ya Haukijärvi, asubuhi, akitega nyavu,
nami dirishani na kahawa yangu.
Hanipungii mkono.

Chini ya lile gurudumu zito kuna koili mbili,
kondensa mbili, platini jozi mbili,
kila silinda na vyake,
kama watoto waliotengewa sahani ili wasipigane.
Kuvifikia, gurudumu sharti ling'oke,
na haling'oki kwa nyundo
(nilijaribu; nisamehe, baba).
Linataka pula, chuma chenye matundu matatu,
na pula ilikwenda na mashua,
sandukuni, chini ya kiti cha nyuma.

Nilipiga simu. Iliita mara tisa.
Nikasema, "Ile pula."
Akasema, "Kesho," akakata.

Alikuja amenyoa ndevu. Hakusalimu.
Akafunga bolti tatu, akakaza ya kati,
akaigonga kichwani mara moja tu,
tak!
gurudumu likaachia kama mtu aliyechoka kununa.
Ndani: vumbi la shaba, utando wa buibui,
na penseli ya baba juu ya alumini:
*nusu milimita, Juni 1971*.

Platini zilikuwa zimeota ukoga.
Oiva akazisugua kwa msasa laini, akazipima: nusu milimita.
Nikatafuta karatasi safi ya kufutia unga,
nikakuta pochini kadi ya wakili.
Nikaipitisha katikati, huku na huku,
jina lake likatoka jeusi.
Oiva aliliona. Akakohoa.

Tukarudisha gurudumu, tukavuta. Chini bado kimya.
Tukaling'oa tena, tukabadilisha kondensa. Kimya.
Tukaling'oa tena, tukahamisha koili,
ya chini juu, ya juu chini,
na ububu nao ukahama, ukapanda juu.
Ndipo tulipomjua mgonjwa: koili,
gamba lake limepasuka nyufa nyufa kama kisigino.

"Vuta tena, nihakikishe," akasema,
akaushika waya wa chini kwa vidole vitupu,
nami, Mungu anajua, nilivuta kwa nguvu zangu zote.

Tusi alilolitoa liliwarusha bata kutoka matetini.
Lilikuwa neno refu, la matope na ng'ombe,
la nyanya yetu upande wa mama,
na lilikuwa la kwanza aliloniambia kwa sauti yake halisi
tangu mazishi.
Nilicheka hadi nikakaa chini.
Akautikisa mkono, akanuna, akashindwa.

Koili mpya itatoka Tampere, nikamwambia, wiki mbili.
"Ziwa haliendi popote," akasema.
Pula akaiacha juu ya ubao. Sikumkumbusha.

Nilisimama gatini akiondoka,
nikaona jambo ambalo dirisha halikuwahi kunionyesha:
mpiga makasia huondoka kinyumenyume,
uso wake kwa yule anayemwacha,
na mikono yake yote miwili ina kazi.